Mdomo wa Longonot: Safari ya Siku Moja Juu ya Majivu

Katika safu ya volkano zilizotapakaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kuanzia Suswa upande wa kusini hadi visiwa vya Ziwa Turkana kaskazini, Mlima Longonot ndio uliozoeleka zaidi kwa vikundi vya watembeaji wa mwisho wa wiki, kwa kuwa uko kilomita zipatazo 90 tu kutoka Nairobi, hauhitaji kamba wala hema, na mtu aliyeondoka mjini alfajiri anaweza kuuzunguka mdomo wake na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha usiku. Kilele chake, kinachojulikana kama Kilele Ngamia, kina mwinuko wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, yaani pungufu ya nusu ya Kilimanjaro, na kutoka langoni hadi hapo mtembeaji hupanda mita mia sita na ushei pekee. Tarakimu hizo zimeupa mlima sifa ya wepesi ambayo haustahili. Ugumu wa Longonot haumo katika urefu wake, umo katika jinsi ulivyojengwa: umevikwa majivu yasiyoshikana, hauna maji juu yake, na njia yake kuu ni duara lisilo na pa kutokea katikati. Mambo hayo matatu yametokana na volkano yenyewe, na ndiyo yanayopanga mwendo wa kikundi, mzigo wake na, zaidi ya yote, mahali ambapo kikundi kinapaswa kuamua kama kitaendelea au kitarudi.

Chini ya Bonde la Ufa, bamba la Nubia linalobeba sehemu kubwa ya Afrika na bamba la Somalia lililoko mashariki yake yanaachana kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Ganda la dunia linapovutwa hivyo huwa jembamba, mwamba wa moto ulio chini yake hupungukiwa na mgandamizo, na kupungua huko kwa mgandamizo, wala si kuongezeka kwa joto, ndiko kunakoufanya uyeyuke kwa sehemu na kuwa magma, yaani mwamba wa maji unaotafuta njia ya kupanda juu. Magma ya Longonot, kabla ya kutoka nje, ilikaa muda mrefu katika vyumba vya chini ya ardhi, ikapoa kidogo kidogo na kubadilika hadi ikawa trakaiti, aina ya mwamba wenye silika nyingi kuliko basalti. Silika huifanya magma iwe nzito katika kutiririka, na gesi iliyomo hunaswa ndani yake, kwa hiyo inapofika karibu na uso wa dunia gesi hiyo hutanuka kwa ghafla na kuirarua magma vipande vipande badala ya kuiacha itiririke kwa utulivu. Vipande vikubwa vyenye matundu ni mawe mepesi ambayo watu wengi huyajua kama mawe ya kusugulia nyayo. Vile vidogo kabisa ndivyo vinavyoitwa majivu ya volkano. Majivu hayo si mabaki ya kitu kilichoungua. Ni vigae vya kioo vidogo sana, na atakayeyasugua baina ya vidole ataona kwamba yanakwaruza, jambo linaloeleza kwa nini vumbi la mlimani humsumbua macho na koo mtu ambaye vumbi la barabara ya mashambani halimpi taabu.

Shughuli za volkano mahali hapa zilianza takriban miaka 400,000 iliyopita, na mlima wa kwanza ulikuwa mpana kuliko huu wa sasa. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita chumba cha magma kilijimwaga kwa milipuko mikubwa, paa lake likakosa cha kuliegemeza na kuporomoka, na shimo pana lililobaki, ambalo wanajiolojia huliita kaldera, likawa na upana wa kilomita kadhaa. Longonot inayopandwa leo ni pia iliyoota ndani ya kaldera hiyo na kuijaza karibu yote, ingawa sehemu ya ukingo wa kale bado huonekana kwa mwenye kujua pa kutazama. Kasoko iliyo juu ya pia hiyo, yaani shimo la mdomoni ambalo wengi huliita kreta, ina upana unaokaribia kilomita 2, na ilipata umbo lake la sasa katika kipindi cha miaka elfu tatu na ushei iliyopita. Ubavuni kaskazini kuna vijito vya lava nyeusi ambavyo mimea haijavifunika sawasawa, na kwa kufuata kumbukumbu za Wamaasai mlipuko wa mwisho huwekwa katika miaka ya 1860. Kwa kipimo cha jiolojia, hiyo ni jana.

Majivu yalimwagika mbali na mlima wenyewe na kufukia nyufa za zamani za bonde. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu na mpana ulifunguka karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya kwenda Narok, na picha zake zikaenea duniani kote zikiambatana na madai kwamba Afrika ilikuwa ikipasuka mbele ya macho ya watu. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya kawaida zaidi: maji yalikuwa yameyachimba majivu laini yaliyoujaza ufa wa kale hadi sehemu ya juu ikakosa nguzo na kudidimia. Maelezo hayo hayakupata wasomaji wengi kama madai ya awali, lakini anayepanda Longonot anayahitaji, kwa kuwa udongo uliotoweka kule barabarani na udongo anaoukanyaga njiani ni wa namna moja, nao haufungamani, hunyonya maji kwa haraka, na mkondo mdogo ukishapata njia ndani yake huitafuna hadi kuwa korongo.

Vikundi vinavyofika hapa huwa vya kila namna: vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja, wanachama wa chama cha akiba waliochoka kukutana hotelini, wanafunzi wa vyuo, na vile vikundi vya watembeaji ambavyo hutangaza safari mitandaoni, hupokea michango kwa simu na kukodi matatu itakayowachukua watu mjini kabla ya jua kuchomoza. Barabara wanayoifuata kwa kawaida ni ile ya zamani inayoteremka bondeni kupitia Mai Mahiu, ambapo kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo, bado limesimama kando ya njia. Mlima na eneo linalouzunguka, lenye kilomita za mraba 52, ni mbuga ya kitaifa tangu mwaka 1983, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, ambalo hupokea malipo ya kiingilio kwa njia ya kielektroniki na si kwa fedha taslimu. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, na katoni za chupa za maji zilizonunuliwa njiani ni miongoni mwa vitu vinavyoguswa na sheria hiyo.

Suala la chupa si dogo, kwa sababu Longonot ni mlima mkavu. Mvua inayonyesha juu yake huzama katika majivu na mawe yenye matundu kabla ya kukusanyika kuwa kijito, kiasi kwamba njia nzima ya mzunguko haipiti kwenye chemchemi wala mto wa kudumu, na mtembeaji hana budi kubeba toka langoni kila tone atakalokunywa. Hali hiyo inastaajabisha zaidi kwa kuwa maji mengi matamu yanaonekana kutoka juu. Ziwa Naivasha, lililoko kaskazini-magharibi ya mlima, halina mto unaotoka juu ya ardhi, lakini halijawa la chumvi kama yalivyo maziwa mengi ya Bonde la Ufa, na sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya maji yake huvuja chini kwa chini kupitia miamba hii hii ya volkano na kuondoka na chumvi. Maji yapo, ila yako chini mno kumfaa mwenye kiu. Lita mbili hadi tatu kwa mtu mmoja ni kiasi cha busara kwa siku ya kawaida, na anayebeba chupa moja ya nusu lita kwa kutegemea wenzake anawatwisha mzigo ambao hawakuupangia.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Sehemu ya kwanza hupita kwenye uwanda wa nyasi na vichaka ambako pundamilia na swala hulisha bila kuwajali sana watu, kisha njia huanza kupanda katikati ya mileleshwa, vichaka vyenye majani ya kijivu yanayonukia ambayo Wamaasai wameyatumia tangu zamani kuondoa harufu ya mwili. Hapo ndipo majivu yanapoanza kudai haki yake. Mteremko wa punje zisizoshikana hauwezi kuwa mkali kupita pembe fulani, ambayo kwa punje za namna hii ni nyuzi thelathini na kitu, na kila punje iliyo karibu na pembe hiyo inangoja kusukumwa tu ianze kuporomoka. Mguu ukitua, nguvu inayopaswa kumsukuma mtu juu hutumika kusogeza punje chini, na mpandaji huonekana kama anayepanda lundo la mchanga wa kujengea, ambapo hatua tatu humfikisha mahali pa hatua mbili. Miaka ya nyayo na mvua imeichimba njia hadi katika sehemu kadhaa imekuwa mfereji wenye kuta zinazomfika mtu magotini au kiunoni, na katika kuta hizo historia ya mlima imejianika: mkanda wa mawe meupe yenye matundu, juu yake mkanda wa majivu ya kijivu, kisha mweusi, kila mmoja ukiwa ni alama ya mlipuko. Hapa na pale hung'aa kipande cha obsidiani, kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale wa bonde la Naivasha walikichonga kuwa visu na vichwa vya mishale.

Hewa nayo ina sehemu yake. Kwenye kilele mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa pwani, na ingawa mkazi wa Nairobi, aliyezoea kuishi karibu na mita 1,800, hupata tofauti ndogo, mgeni aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam jioni iliyotangulia ataona pumzi yake inakwisha mapema. Kiongozi wa kikundi mwenye kujua kazi yake huuliza jambo hilo kabla ya kuondoka langoni, wala hangoji kulisoma katika nyuso za watu njiani.

Sehemu ya mwisho kabla ya ukingo ndiyo yenye mwinamo mkali kuliko zote katika upandaji huo, na inapoisha, ardhi hukatika ghafla na kasoko yote kuwa wazi mbele ya macho: magenge yanayoshuka wima, na chini kabisa sakafu iliyofunikwa na msitu wa kijani uliofungiwa na kuta pande zote, huku katika sehemu fulani za kuta mvuke ukifuka asubuhi zenye baridi. Mskoti Joseph Thomson, aliyeivuka nchi ya Wamaasai kati ya mwaka 1883 na 1884 akiwa na msafara wa wapagazi waliokusanywa Unguja, alifika ukingoni hapa, na katika maandishi yake alikiri kwamba shimo hilo lilimshika akili kwa namna ambayo ilimbidi apigane na tamaa ya ajabu ya kujitupa ndani. Wageni wa leo huipiga picha. Wengi hudhani kwamba wamemaliza kazi, na si ajabu, maana sehemu waliyoipita ilikuwa ngumu na mandhari waliyoyafikia yanatosha kuwa malipo. Lakini kwa hesabu ya kilomita hawajafika hata robo ya safari, kwani mbele yao kuna duara la kilomita 7.2, na baada yake kilomita zilezile 3.1 za kuteremka.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukingo wa kasoko ni njia iliyofungwa pande mbili, ndani kwa genge na nje kwa mteremko mkali uliokatwakatwa na makorongo, na njia rasmi inayounganisha ukingo huo na lango ni moja tu, ile ile iliyotumika kupanda. Mtu aliyechoka katika mlima wa kawaida anaweza kukata njia na kuteremka upande wowote unaoelekea barabarani. Aliyechoka nusu ya duara la Longonot hana njia fupi, kwa maana kurudi nyuma na kuendelea mbele vina urefu sawa, na kama atabebwa, atabebwa juu ya ukingo ule ule mwembamba. Kwa hiyo uamuzi wa kuzunguka au kutozunguka hauwezi kuahirishwa hadi mtu ajisikie vibaya. Hufanyika mahali njia inapogusa ukingo, na kwa bahati mbaya hufanyika wakati kikundi hakiko katika hali nzuri ya kuamua: watu wana furaha, wanatweta, wanapiga picha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba goti linamuuma. Kiongozi anayeuliza kwa sauti kubwa mbele ya wote kama kuna asiyejiweza atajibiwa kwa kicheko. Anayepita kwa mtu mmoja mmoja, akaangalia maji yaliyobaki katika chupa na jinsi mtu anavyosimama, hupata jibu tofauti, na akitangaza tangu langoni kwamba kikundi kitagawanyika ukingoni kwa kawaida, huku mwenzake mmoja akiwa amekwisha kupangwa kubaki na watakaoishia hapo, huwaondolea aibu wale wanaohitaji kubaki.

Uchaguzi wa mwelekeo nao una uzito. Kilele kiko upande wa magharibi wa duara, na anayeshika mkono wa kulia anapofika ukingoni hukikabili mapema, akiwa bado na nguvu na jua likiwa halijawa kali, kisha hubakiwa na sehemu ndefu inayopanda na kushuka kwa vilima vidogo. Anayeshika kushoto hufanya kinyume chake, na hukutana na sehemu ngumu kuliko zote wakati maji yamepungua. Kila upande una watetezi wake, na ubishi wao huwa mrefu kuliko unavyostahili, lakini kwa kikundi chenye watu wa uwezo tofauti mkono wa kulia una faida moja iliyo wazi: udhaifu wa mtu hujitokeza karibu na mahali pa kuanzia, pale ambapo kurudi bado ni kufupi kuliko kuendelea.

Ukingo hauko sawa wala si mpana. Mahali pengine wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na mahali pengine mwamba hukatika na kumlazimu mtu ashike kwa mikono kabla ya kuinua mguu. Katika vituo kama hivyo kikundi hujivuta na kurefuka bila mtu yeyote kutembea polepole: watu 30 wakipita mmoja mmoja mahali panapomchukua kila mtu sekunde 20, wa mwisho hungoja karibu dakika 10, ilhali wa kwanza ameshapita na anaendelea na mwendo wake wa kawaida. Vikipatikana vituo vitano vya namna hiyo, mkia wa kikundi huzidi kuachwa nyuma, na wanaouunda mkia huo huwa ni wale wale walioanza wakiwa wamechoka, ambao sasa wanajaribu kukimbia ili wawafikie wenzao na kujichosha zaidi. Dawa iliyozoeleka ni kumweka mtu mmoja mbele asiyepitwa na mwingine nyuma asiyeachwa na yeyote, lakini dawa hiyo hufanya kazi pale tu wa mbele anaposimama baada ya kila kituo hadi wa nyuma atokee, na asiondoke papo hapo anapomwona, maana desturi ya wa mbele kupumzika akingoja, kisha kuanza mwendo mara tu wa nyuma anapofika, humnyima pumziko yule anayelihitaji kuliko wote.

Kutoka Kilele Ngamia, kukiwa hakuna ukungu, bonde hujifungua karibu lote: Naivasha na mabanda meupe ya mashamba ya maua yanayolizunguka, safu ya Nyandarua mashariki, Mau magharibi, Suswa na kasoko yake kusini. Upande wa magharibi, nyuma ya magenge ya Hell's Gate, hufuka mvuke mweupe wa Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kwa joto la ardhini tangu mwaka 1981, na ambako leo, pamoja na mitambo mingine michache ya aina hiyo, hutoka zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya. Kikundi kinachokula mikate yake kileleni kinatazama kwa mbali matumizi ya joto la aina ile ile lililoko chini ya miguu yake.

Swali la kama mlima unaweza kuamka huulizwa mara nyingi kwa mzaha, nalo linastahili jibu la kweli. Tarehe 27 Septemba 2014, siku ya Jumamosi, muda mfupi kabla ya adhuhuri, Mlima Ontake wa Japani ulilipuka wakati mamia ya watembeaji wa siku moja walipokuwa karibu na kilele, na watu 63 walikufa au kutoonekana tena. Haukuwa mlipuko wa lava. Maji yaliyokuwa ndani ya mwamba yaligeuka mvuke kwa ghafla na kuutupa mlima angani kwa vipande, na milipuko ya namna hiyo hutoa onyo dogo mno. Nchini New Zealand, mlima wa Tongariro ulilipuka mara mbili katika mwaka 2012, na mara ya pili, mwezi Novemba, wanafunzi na walimu wao walikuwa njiani, wakateremka salama. Longonot haijafanya hivyo katika kumbukumbu za karibu, ila haijalala kabisa. Vipimo vya rada ya setilaiti, vinavyolinganisha umbali wa ardhi kutoka angani kwa nyakati tofauti, vilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 mlima ulivimba na kuinuka kwa takriban sentimita 9, dalili ya magma au gesi kusogea chini yake, kisha ukatulia. Hakuna mtembeaji ambaye angelihisi jambo hilo kwa nyayo. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huisha bila mlipuko wowote, na ni sababu ya kuufuatilia mlima kwa vyombo, wala si sababu ya kuukimbia.

Hatari iliyokwisha kuua watu katika majivu ya eneo hili ni maji. Katika korongo la Hell's Gate, kilomita chache kutoka Longonot, ambalo lilichongwa na maji ya Naivasha wakati ziwa hilo lilipokuwa kubwa zaidi na kufurika kuelekea kusini, mafuriko ya ghafla yaliwachukua vijana wa kikundi cha kanisa mnamo Aprili 2012 na kuua watu saba, na mnamo Septemba 2019 watu saba wengine walikufa katika korongo hilo hilo. Mvua haikuhitaji kunyesha mahali walipokuwa. Ilitosha inyeshe juu yao, katika miteremko ambayo maji yake hukusanyika kwenye mfereji mmoja. Longonot haina korongo refu la kutembelewa namna hiyo, lakini mifereji ya njia yake hugeuka mikondo mvua kubwa inapoanza, vumbi hugeuka utelezi, na ukingo hauna pa kujificha radi. Kikundi kinachoona mawingu yakijenga juu ya uwanda wa Kinangop, upande wa mashariki, saa sita mchana kikiwa bado hakijaanza mzunguko kina kila sababu ya kutouanza.

Wanyama ni suala la kusemwa kwa ufupi: nyati na chui wamo, huonekana kwa nadra, na anayebaki njiani pamoja na wenzake ana nafasi ndogo ya kukutana nao kwa karibu. Moto huogopwa zaidi. Mnamo Machi 2009, katika ukame, moto uliteketeza mimea ya mlima na kuingia kasokoni, mahali ambapo wanyama hawana njia nyingi za kutokea, na tangu hapo mtu anayewasha sigara ukingoni hukemewa na wenzake kabla askari wa mbuga hajasema neno.

Kuteremka huchukua muda mfupi kuliko kupanda, lakini huangusha watu wengi zaidi, kwa sababu misuli ya mapaja iliyochoka ndiyo inayotakiwa kuwa breki juu ya punje zinazoviringika. Wanaoteremka vizuri hukunja magoti kidogo, hutua kwa kisigino kinachozama na kuacha mguu uteleze kwa kipimo. Wanaoogopa huegemea nyuma, uzito wao huondoka juu ya nyayo, na huketi kwenye vumbi bila kutaka. Fimbo ya kawaida ya mleleshwa haipaswi kukatwa mbugani, kwa hiyo anayeihitaji hutoka na yake nyumbani. Muda nao una mipaka yake: karibu na ikweta jua huzama mwaka mzima karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, giza hufuata kwa haraka, na kikundi kilichoondoka langoni saa nne asubuhi, kikapoteza saa moja ukingoni na nyingine katika vituo, huteremka katika mwanga unaofifia bila taa. Wakati kama huo wenye haraka hutoka nje ya mfereji wa njia ili wawapite walio mbele, nyayo zao huvunja gamba jembamba la mizizi na nyasi linaloyashikilia majivu, na alama hiyo iliyoachwa na watu watano au sita mwezi wa Februari huwa mfereji mpya mvua za masika zinapokwisha, sambamba na ule wa zamani, wenye kuta zilizokwisha kufika vifundoni.